Mchangia Damu Namba Tisa

Euless, Texas
12 Januari 2025

Mwanangu Apolonia,

Niwie radhi kwa ukimya wangu. Barua yako ya tarehe 3 Novemba ilinifikia ndani ya wiki moja, na tangu hapo imelala kwenye droo yangu zaidi ya miezi miwili. Sina udhuru wa kukupa. Kalamu ninayo, karatasi ninazo, na macho bado yanaona. Jumbe zako za simu nazo niliziona, zote nne, lakini unaujua msimamo wangu: jambo zito huandikwa kwenye karatasi, likatiwa tarehe.

Hapa kwa mwanangu Humphrey tunaendelea vizuri. Yeye amehamishiwa zamu ya asubuhi kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege, kwa hiyo sasa tunakula chakula cha jioni pamoja kama watu wa nyumba moja. Mke wake, Jedidah, bado ni muuguzi kule Carrollton na bado anaendesha gari kama mtu anayefukuzwa. Majuzi barafu ilifunika barabara, ikambidi arudi njiani. Akaingia ndani akisema, "Baba, Texas haijui baridi, na baridi haijui Texas. Zinaumizana tu." Nilicheka, jambo ambalo silifanyi kila siku. Na huko kwako, mjukuu wangu Angel ameota meno?

Sasa swali lako. Unasema kwamba damu niliyotoa maabarani kwenu mwezi wa Oktoba, nilipokuja Houston kwa ubatizo wa Angel, imewachanganya. Watu kumi na wawili walichangia. Damu ya wale wengine kumi na mmoja ilitenda mlivyotarajia. Yangu, mimi mchangia damu namba tisa, haikutenda hivyo. Unauliza kama siku zile nilikuwa na mafua, homa, au kama nilikuwa nimechanjwa. Sikuwa na mafua, wala homa, wala sikuchanjwa.

Unauliza pia kama kuna jambo jingine lolote. Swali hilo ni pana mno. Nieleze kwanza mnafanya nini na damu ya watu, tena kwa Kiswahili kinachosimama kwa miguu yake. Nilifundisha sarufi miaka thelathini na minne. Biolojia sikufundisha hata siku moja.

Baba yako mkubwa,
Modestus


Houston
4 Februari 2025

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nilipouona mwandiko wako juu ya bahasha niliketi pale pale kwenye ngazi nikaisoma. Angel ameota meno mawili ya chini na anauma kila kitu, hata kidole cha padri alipombariki Jumapili. Mume wangu anakusalimu. Sisi wazima, joto limerudi, mbu nao wamerudi.

Umeomba maelezo, nami nitajaribu.

Tukishachukua damu, tunazitenga seli nyeupe, zile ambazo ni askari wa mwili. Tunaziweka kwenye vyombo vyenye maji ya lishe, ndani ya kabati lenye joto kama la mwili. Nusu tunaziacha zipumzike. Nusu nyingine tunazitilia dawa inayotokana na maharagwe mekundu. Dawa hiyo inaziamsha: zinadhani adui ameingia, zinanenepa, zinaanza kujigawa. Baada ya siku tatu tunaziondoa seli na kuyapima maji yaliyobaki. Katika maji ya zile zilizoamshwa tunakuta DNA, yaani vinasaba vyenyewe, vile vinavyobeba urithi wa mtu. Seli zimevitoa nje. Katika maji ya zile zilizopumzika hamna karibu kitu.

Ubishi uko hapa. Seli ikifa hupasuka, na vilivyomo humwagika. Hilo halimshangazi mtu. La ajabu ni seli iliyo hai kutoa vinasaba na kuendelea kuishi. Kwa hiyo tunazitia rangi ya buluu. Iliyokufa huinywa, iliyo hai huikataa. Kwa wale kumi na mmoja, zilizoamshwa ziko hai na zimetoa.

Zako, Baba Mkubwa, zile zilizopumzika zilitoa vinasaba vingi kuliko zilizoamshwa za mtu mwingine yeyote. Dawa ya maharagwe hazikuijali. Nyingine zilikunywa rangi, nyingine ziliikataa, na hesabu haikubali. Mwenzangu Précieux, Mkongomani wa Bukavu anayehesabu seli, alichungulia kwenye hadubini akaniita kwa sauti: "Apolonia, huyu muzee wako iko na seli mingi sana! Alikula nini?" Nami nikafurahi kwa wingi huo. Nilidhani ni bahati.

Ripoti ya utafiti huu ni ya kwanza ambayo jina langu litatangulia ya wenzangu. Mkataba wangu unaisha Septemba, na mkuu wetu, Dakta Mark, ataitazama ripoti hii kabla ya kuamua kama nibaki. Amesema namba tisa aelezwe, la sivyo ripoti haitoki. Hatuwezi kumtupa mtu kwa kuwa tu hakutupendeza. Lazima kuwe na sababu.

Naomba uje utoe damu tena. Nitakufuata kwa gari mwenyewe.

Mwanao,
Apolonia


Euless
13 Machi 2025

Mwanangu Apolonia,

Marahaba. Nimefurahi kwa meno ya Angel, na kwa kidole cha padri nimecheka peke yangu hadi Jedidah akaja kutazama kuna nini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Lugha ni safi. Makosa mawili nimeyapigia mstari kisha nikayaacha. Mambo yenyewe, hata hivyo, yamenivuruga. Kwetu Kamachumu mtu akiwagawia wanawe shamba angali hai, wengine humwita mwenye busara na wengine humwita mjinga, hutegemea wanawe. Lakini yeye anajua anampa nani. Seli yako inampa nani? Inavitoa vinasaba ndani ya maji, kwenye chombo, ambako hakuna wa kuvipokea. Na kama inavitoa vyote, inabaki na nini? Na kama inatoa nakala, aliiandika nani? Nimeuliza maswali haya nikiwa natembea kuzunguka jengo letu, na ndege zinazotua kila dakika mbili hazikunisaidia kufikiri.

Jumamosi Jedidah alipika maharagwe mekundu. Nikamwuliza kama yana sumu.

"Yakiiva hayana, Baba. Kwani umeanza kuniogopa?"

"Siogopi. Nauliza."

"Basi ongeza. Na hiyo suruali, Baba, ni yako ama ni ya Humphrey? Unaishikilia na mkono."

Nilimjibu kwamba wazee hukonda, hiyo ni kanuni. Hakujibu. Muuguzi asipojibu, mtu hupoteza hamu ya kula.

Kuhusu kuja Houston: hivi sasa ni Kwaresma, na nimepewa masomo ya kila Ijumaa kanisani. Baada ya hapo kuna Pasaka. Baada ya Pasaka nitaanza kufunga mizigo, kwa maana tiketi yangu ni ya tarehe 20 Agosti na, kama unavyojua, safari hii narudi nyumbani moja kwa moja. Sioni siku ya katikati. Je, haiwezekani mkachukua damu ya mtu mwingine mkaipa namba tisa?

Mzee Absalom, yule Mkenya anayenipeleka maktaba kila baada ya muda, ananisubiri nje na injini inanguruma. Naishia hapa.

Modestus


Houston
30 Machi 2025

Shikamoo Baba Mkubwa,

Sisi hatujambo. Angel anatambaa.

Haiwezekani kumpa mtu mwingine namba yako. Huo ungekuwa uongo, na wewe ndiye uliyenichapa kwa uongo nikiwa darasa la tatu.

Nina jambo la kukiri, na sijamwambia mtu. Siku ile maabarani, muuguzi anayewapokea wachangiaji alikuona na mvi zako na koti lako, akadhani hujui Kiingereza. Akanipa mimi fomu nikuulize kwa lugha yetu. Wewe ambaye umefundisha Kiingereza nusu ya mkoa hukumsahihisha. Nilidhani ni upole. Ukurasa wa kwanza tuliumaliza vizuri: jina, umri, uzito. Ukurasa wa pili ulikuwa na maswali kumi na manne. La tatu liliuliza magonjwa ya zinaa. Ningemwulizaje baba yangu mkubwa swali hilo, nimesimama mbele yake na kalamu mkononi? Nikasema, "Baba Mkubwa, afya ni njema?" Ukasema, "Namshukuru Mungu, mwanangu." Nikaweka alama kwenye "hapana" mara kumi na nne, bila kuyasoma yaliyofuata.

Jana niliitoa nakala ya fomu ile nikayasoma. Swali la kumi na moja linahusu magonjwa ya damu.

Sikuulizi. Nakuandikia tu kilichokuwa kwenye karatasi.

Dakta Mark amenipa hadi mwisho wa Mei.

Apolonia


Euless
18 Mei 2025

Mwanangu Apolonia,

Pasaka ilipita salama. Wiki iliyofuata mvua ya mawe ilivunja kioo cha mbele cha gari la Humphrey. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya ghala. Jedidah ameongezewa siku ya kazi. Habari za nyumbani ndizo hizo, na nimeziandika polepole kwa sababu sitaki kufika kwenye habari zangu.

Mwezi wa Machi mwaka juzi, daktari mmoja wa Fort Worth aliniambia kwamba seli zangu nyeupe ni nyingi kupita kiasi. Zinazaliwa na hazifi kwa wakati wake. Ni saratani ya damu, ile ya polepole inayowapata wazee. Alisema wakati ule kwamba haina haja ya kutibiwa, itazamwe tu. Nikafikiri: kama ni ya kutazamwa tu, nitaitazama mimi na yeye, inatosha. Kila baada ya miezi mitatu Absalom hunipeleka kupimwa. Humphrey anajua kwamba nakwenda maktaba. Absalom alikuwa dereva wa malori miaka ishirini, anajua kunyamaza. Mara moja tu alisema, "Mwalimu, hii maktaba yenu mbona watu wanatoka na plasta kwa mkono?"

Utaniuliza kwa nini niliwaficha. Nimewaona wazee wetu huku. Mzee akishajulikana kuwa mgonjwa, watoto humshika kwa upendo. Leo vipimo, kesho vidonge, kesho kutwa "ngoja kwanza, Baba, mpaka majira ya kuchipua". Anarudi nyumbani ndani ya sanduku. Nyumba yangu ya Kamachumu ina mlango. Nataka niufungue kwa mkono wangu.

Na kwa nini nilitoa damu? Uliniomba mbele ya wenzako, nami nikaona fahari. Nilidhani damu ni damu. Yule muuguzi aliponidhania sijui Kiingereza, niliona ni afadhali iwe hivyo. Nililiona swali la kumi na moja kutoka mahali nilipoketi, kichwa chini miguu juu, na nililisoma vizuri sana. Kisha ukaniuliza habari za afya kama mtoto mwenye adabu anavyomwuliza mkubwa wake, nami nikajibu kama mkubwa anavyojibu. Tulitenda kwa heshima sote wawili, na tumeharibu kazi yako.

Kuna kitu sikielewi bado, na kinanisumbua kuliko ugonjwa. Vile vinasaba mlivyovikuta kwenye maji ya chombo changu, vilitolewa na seli zangu nzima, au zile mbovu, au zilizokufa? Na zile mbovu nazo si zangu? Zimebeba urithi ule ule wa marehemu baba. Sijui niseme "mimi" hadi wapi.

Mwambie mkuu wako. Humphrey usimwambie.

Modestus


Houston
9 Juni 2025

Shikamoo Baba Mkubwa,

Barua yako niliisomea ndani ya gari, kwenye maegesho ya kazini, nikashindwa kushuka. Précieux alinigongea kioo. "Dada, jua itakupika humo. Toka." Nikamwambia nina msiba. Akauliza nani amekufa, nikasema hakuna. Aliketi kiti cha abiria akaacha mlango wazi.

Siku hiyo hiyo nilimwambia Dakta Mark yote: ugonjwa, fomu, alama kumi na nne. Alivua miwani, akaiweka mezani, akaiangalia. Kisha akasema tuhesabu upya bila namba tisa.

Tulihesabu upya. Wale kumi na mmoja wanakubaliana, tena waziwazi kuliko zamani. Chombo chako kilichopumzika ndicho kilichokuwa kinafunika kila kitu. Miezi yote ile, Baba Mkubwa, jibu lilikuwa limekamilika chini yako. Nasema hivi bila hasira. Kidogo hasira ilikuwapo, imepita.

Umeuliza vinasaba vile ni vya seli zipi. Précieux anasema seli za ugonjwa wako haziwezi kuishi nje ya mwili. Kwenye chombo hufa haraka. Mwilini zinakataa kufa, kwetu zinakufa kabla hatujafunga kabati. Kwa hiyo vingi vilimwagika kutoka kwa zilizokufa. Lakini si vyote. Zilizokufa hazitoshi kueleza kiasi tulichopima. Nilipomwonyesha Dakta Mark hesabu hiyo alisema, "Sijui," na hilo si neno lake. Nami sijui.

Ripoti itatoka. Kama mimi nitakuwapo ikitoka, ni suala jingine. Kuna kamati inayowalinda wachangiaji, na itakaa tarehe 10 Julai kuijadili fomu. Tangu juma lililopita siruhusiwi kumkaribia mchangiaji yeyote. Wanataka maelezo yako, yaliyotiwa saini: kama ulielewa unachotoa, kama ulitoa kwa hiari, na kama damu iliyobaki itupwe au itunzwe. Wanataka pia barua ya daktari wako. Yasipofika, wataandika kwamba mchangiaji hakuulizwa, wataishia hapo, nami nitaondoka.

Karatasi zao zitakuja kwa posta, nyumbani kwa Humphrey. Unajua kwamba hapo si wewe unayefungua posta.

Sikulazimishi. Mkataba nitapata mwingine, pengine. Baba Mkubwa mwingine sina.

Angel amesimama peke yake kwa muda wa kuhesabu hadi tano.

Apolonia


Euless
29 Juni 2025

Mwanangu Apolonia,

Marahaba, na hongera kwa Angel. Akianguka mwache ainuke mwenyewe.

Sikuisubiri posta. Jumapili iliyopita, baada ya misa, niliwaita Humphrey na Jedidah mezani. Nilikuwa nimeandaa maneno, kama nilivyozoea kuandaa somo; sikuyatumia. Nilisema, "Nina saratani ya damu tangu mwaka juzi." Jedidah alikuwa ameshika sahani. Aliiweka chini taratibu mno.

Humphrey akasema, "Kwa hiyo maktaba..."

"Hakuna maktaba."

"Na Mzee Absalom anajua?"

"Ameendesha gari tu."

"Ameendesha gari tu!" Jedidah alisimama. "Miaka miwili, Baba? Mimi nashinda nikishika mikono ya wazee wa watu, nawapima, nawabembeleza wameze dawa. Na wangu ananificha ndani ya nyumba yangu! Ningekufanyia nini, ningekutafuna?"

Nilijibu kwamba niliogopa kuzuiwa. Akasema, "Nani angekuzuia wewe? Ni nani ashawahi kukuzuia wewe?" Akaingia chumbani. Aliporudi alikuwa amenawa uso, ameshika daftari, akataka nimtajie hesabu ya seli zangu kwa kila kipimo, mwezi kwa mwezi. Nilimtajia. Nilizijua zote kwa moyo, na nilipofika ya mwisho aliacha kuandika.

Karatasi za kamati zilifika Jumatano. Maelezo nimeyaandika mwenyewe, ukurasa mmoja, kwa Kiingereza ambacho yule muuguzi wenu hatakuwa na shida nacho. Sikumsafisha mtu wala sikumchafua. Nimesema kwamba nilitoa kwa hiari, kwamba nilijua nilichokuwa nacho, kwamba swali nililiona. Na kwamba ulipoacha kuuliza, nami niliacha kusema. Damu iliyobaki nimeomba itunzwe, na jina la ugonjwa liandikwe kando yake, ili mwingine asihangaike nayo kama wewe. Jedidah ametia saini kuwa shahidi. Barua ya daktari imo ndani ya bahasha hiyo hiyo, na Humphrey aliipeleka posta kabla ya zamu. Itafika kabla ya tarehe 10. Watakachoamua juu yako sikijui. Sehemu yangu nimeitenda, nimechelewa miezi minane.

Sasa la kwangu. Daktari anasema hesabu imepanda mara mbili tangu Oktoba, na kwamba wakati wa kutazama umekwisha. Anataka nianze vidonge vya kila siku, na nipimwe damu mara kwa mara. Humphrey anataka tiketi ya Agosti ifutwe leo. Jedidah, ambaye ndiye niliyemwogopa, anasema tuulize kwanza kama vidonge hivyo na vipimo hivyo vinapatikana Mwanza, maana kutoka Kamachumu hadi Mwanza mtu anafika kwa siku moja. Walibishana juu yangu kana kwamba sipo, kisha wakanigeukia wote wawili wakangoja. Nilisema, "Sijui." Ni mara ya kwanza kunitokea.

Nikibaki, naogopa kutoufungua ule mlango. Nikienda, naogopa kufika mlangoni bila nguvu ya kugeuza ufunguo. Asubuhi nataka hili, jioni nataka lile, na nyakati zote mbili najiona niko sahihi. Ungekuwa mtihani, ningemnyima alama mwanafunzi anayejibu hivi.

Tutakwenda kwa daktari Alhamisi, tarehe 3, sote watatu. Ya kamati ukiyapata, niandikie hata kama ni mabaya. Nami nikishaamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, na safari hii Jedidah atakuwa ameshajua kabla yako.

Baba yako mkubwa,
Modestus